Plagi ya Silinda ya Tatu

Plagi ya silinda ya tatu kwenye gari la dada yangu niliiharibu mimi. Fundi hakuigusa. Hakuigusa hiyo wala zile tatu nyingine, na niliposema mbele ya watu kwamba kazi ile nilimpelekea yeye, nilisema uongo. Nimeshayakiri haya pale yalipopaswa kukiriwa kwanza. Nayaandika sasa kwa sababu mtaani kwetu Dar es Salaam wapo waliosikia upande wa uongo peke yake.

Gari lenyewe ni Toyota IST, injini yake ni 1NZ-FE ya lita moja na nusu, ile ile iliyomo kwenye Probox nyingi za mjini na baadhi ya Vitz. Lilikuwa limeanza kumisi. Asubuhi linatetemeka kabla ya kutulia, na ukilikanyagia mafuta kwenye mlima linashtuka. Dada akanipa hela ya plagi nne na ya ufundi juu yake, akasema, "Mdogo wangu, mpelekee fundi abadilishe, mimi sina nafasi." Fundi aliyemkusudia ni mzee mwenye gereji chini ya mwarobaini, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amelimwaga oili gari hilo hilo.

Sikumpelekea. Plagi nilinunua kweli, na zilikuwa nzuri. Hela ya ufundi nilinunulia boksi spana namba kumi na sita, lenye mpira ndani wa kuishika plagi, pamoja na racheti yenye mpini mrefu. Nilikuwa nimetazama video za kutosha kujiona nimehitimu. Nilitaka kujua kazi, na nilitaka siku moja dada aseme mdogo wake anaweza. Lakini jioni aliponiuliza, nilijibu kwamba fundi ameshamaliza, kwa sababu nisingeweza kumweleza hela yake ya ufundi imekwenda wapi. Nilimwibia dada yangu, na wizi huo nikaufunika kwa jina la mtu mwingine.

Kwenye injini ile kazi si ngumu, na hilo ndilo lililonidanganya. Unavua kifuniko cha plastiki, unaona koili nne zimekaa kwa mstari, kila moja juu ya plagi yake, imefungwa kwa bolti moja ya namba kumi. Unachomoa soketi ya waya, unafungua bolti, unaivuta koili juu. Plagi iko chini kabisa ya shimo, huioni vizuri, unaifikia kwa boksi na ekstensheni. Hakuna cha kushangaza hapo. Kinachoogopesha ni kile ambacho plagi inafungwa ndani yake. Hedi ya injini ni alumini, na mwili wa plagi ni chuma. Alumini ni laini kuliko chuma, na ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo maana plagi hubadilishwa injini ikiwa imepoa. Ukiilazimisha kutoka wakati hedi ina moto, meno ya tundu yanaweza kutoka nayo.

Mimi nilifungua boneti uani kwa rafiki yangu Tabata, gari likiwa limetoka kwenye foleni, hedi ukiigusa inakuunguza. Nilipaswa kulirudisha kabla ya magharibi, basi sikungoja. Plagi ya kwanza na ya pili zilitoka bila shida. Ya tatu ilitoka ikilalamika, na kwenye meno yake niliona chembe zinazong'aa. Ile ilikuwa alumini ya hedi. Hapo ndipo pa kuacha. Mtu anayejua kazi angefunga boneti akasubiri injini ipoe, kisha akampigia simu anayejua zaidi yake.

Plagi ya aina ile ina uzi wa milimita 14 kwa upana na 19 kwa urefu, na kila mzunguko mmoja unaishusha milimita moja na robo. Maana yake inatakiwa izungukie vidoleni zaidi ya mara kumi kabla haijafika chini. Baada ya hapo NGK wanaelekeza plagi mpya ya uzi huo, yenye washa, ikazwe nusu mzunguko hadi theluthi mbili tu. Yangu ilizunguka nusu, ikakwama. Niliitoa, nikapuliza shimo kwa mdomo, nikairudisha, ikakwama tena pale pale. Nikachukua racheti.

Ilikubali. Neno hilo nalikumbuka, nilimwambia rafiki yangu, "Imekubali." Kumbe ilikuwa inaingia mshazari, inajichongea njia yake kwenye alumini. Uangalifu wangu wote nilikuwa nimeumalizia kwenye nafasi ya ncha, ile milimita 1.1, nikiipima na kuipima tena ingawa ilitoka kiwandani ikiwa sawa. Nilipopaswa kuusikiliza mkono wangu nikausukuma.

Gari liliwaka na likatulia vizuri kuliko mwanzo. Dada alifurahi, akasema fundi wake hajawahi kumwangusha. Siku zilizofuata nilisikia mlio mdogo wa hewa kila gari lilipowashwa asubuhi, nikajiambia ni mkanda. Sikuamini kwamba ni mkanda. Nilijiambia tu.

Kisha shangazi yetu akafariki Morogoro. Mimi nilitangulia kwa basi usiku. Dada, ambaye ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyelelewa na shangazi, aliondoka alfajiri na IST, amebeba sufuria na mchele wa msiba. Alipopita Chalinze, injini ikapiga kishindo, koili ya silinda ya tatu ikapasuka, na plagi ikaruka kutoka kwenye tundu lake. Gari likawa halivuti, linabweka tu. Aliponipigia kueleza alichokisikia, nilijua palepale ni kitu gani, na nikamuuliza maswali kama mtu asiyejua. Alifika kwa kuomba lifti, watu wakirudi kutoka makaburini. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Yeye hakuwepo.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi, na siku iliyofuata arobaini dada alinichukua twende naye. Aliongea kwa sauti, vijana wa gereji wakasimamisha kazi, wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakasikiliza. Fundi alimwacha amalize. Akasema, "Mama, mimi gari hili sijaliona tangu nimwage oili." Dada akanigeukia: "Si ulimpelekea wewe?" Nikasema ndiyo. Fundi akanitazama. Nami nikaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba mafundi wetu wa mtaani ndivyo walivyo, wakikosea hawakubali.

Sentensi ile ndiyo inayoniuma kuliko hela na kuliko tundu la plagi. Fundi wa chini ya mti hana kibao cha kampuni wala cheti ukutani. Mteja hana namna ya kuupima ufundi wake kabla ya kumkabidhi funguo, ila kwa aliyoyasikia kwa jirani. Jina ndilo gereji yake, na mimi nilisimama ndani yake nikaibomoa, mwenyewe akitazama.

Hakubishana zaidi. Alisema atalitengeneza bila malipo ili yaishe. Nilibaki kumshikia tochi, kwa kuwa dada aliniamuru nisimame hapo nihakikishe safari hii anafanya kazi sawasawa. Kwa hiyo niliona kila kitu. Alishusha pistoni chini, akapaka grisi nyingi kwenye tapu, ile ya kukatia meno mapya, ili vumbi la alumini lishikwe na grisi lisianguke ndani ya silinda. Alikata kidogo, akatoa, akafuta, akapaka tena. Alipomaliza akaingiza helikoili, uzi wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi, ambao ndio ungekuwa meno mapya ya tundu lile. Akapuliza kwa kompresa, akazungusha injini bila plagi ili kilichobaki kitoke.

Halafu akafunga plagi. Alichukua kipande cha mpira wa mafuta, akakivisha kichwani mwa plagi, akaiteremsha shimoni. Aliizungusha kwanza kinyume, taratibu, mpaka plagi ikashuka kidogo na kuketi kwenye mwanzo wa uzi. Ndipo akaanza kuifunga kwa mpira ule ule. Plagi ikikaa mshazari mpira unateleza mkononi, hauna nguvu ya kuilazimisha. Kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono kingeninusuru na yote haya. Kisha akalegeza zile tatu nyingine, akatikisa kichwa kwa jinsi nilivyozikaza, akazifunga upya. Mwisho aliniwekea plagi iliyoruka kiganjani, imefungwa kwenye kitambaa. "Yatazame meno yake," alisema, na hakuongeza neno.

Nilikaa nayo miezi. Najua namna mtu anavyoweza kuishi na jambo kama hilo: anamsalimia fundi kwa adabu kubwa kuliko zamani, anapita njia nyingine akiweza, anajiambia kazi za watu huwa zinapungua tu. Kilichonitoa ni jirani mmoja, kwenye kikao cha kawaida cha barazani. Alikuwa anaeleza kwa nini amehamisha gari lake, akasema mafundi wa mtaani ndivyo walivyo, wakikosea hawakubali. Yalikuwa maneno yangu yale yale, moja baada ya jingine, yakitoka kinywani mwa mtu ambaye hakuwepo siku ile.

Asubuhi yake nilikwenda gereji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwambia yote, pamoja na hela ya ufundi iliyonunua boksi.

"Nilijua," alisema. "Gari hukuleta."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Mlinisikia?"

Nilimpa bahasha. Alitoa humo bei ya koili aliyoinunua kwa fedha zake, na ujira wa helikoili, akanirudishia iliyobaki. Akasema deni lake lingine halimo kwenye bahasha: nimlete dada, nimweleze hapo hapo, vijana wakiwepo, kwa kuwa hapo ndipo aliposemewa.

Nilimweleza dada kwanza nyumbani, kisha nikasimama chini ya mwarobaini nikayarudia. Dada alimshika fundi mikono miwili akamwomba radhi, akamwita baba. Njiani hakuzungumzia hela kabisa. Alisema tu kwamba shangazi hakumzika. Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina.

Gari linakwenda. Uzi ule wa chuma utaishi kuliko meno ya awali, fundi mwenyewe ananiambia hivyo. Kazi iliyobaki ni ya nyumba kwa nyumba. Jirani wa barazani alirudisha gari lake gereji wiki ile ile. Mwingine alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amenielewa, lakini ameshazoeana na gereji ya barabara kuu na hahami tena. Mwenye Probox nyeupe, ambaye alikuwa kwenye benchi siku ile na akaondoka bila kusubiri zamu yake, amehamia Kibaha. Nimepata namba yake kwa shemeji yake, na Jumamosi nakwenda.