Bando la Usiku Halikuanza Jana
Wenzangu wa bando la usiku, mjue hatukuanza sisi. Mwaka 1979 kampuni ya CompuServe, Ohio, Marekani, ilikuwa na kompyuta zilizohudumia maofisi mchana na kukaa bure usiku. Ikaanza kuwauzia watu wa majumbani saa hizo za usiku, kupitia laini ya simu. Ulilipia kwa saa, jicho kwenye saa ya ukutani. Desemba 1996 kampuni ya AOL ikaweka bei moja ya mwezi, dola 19.95, watu wakajazana hadi kuingia ikawa shida.

Mimi nasomea ualimu, na bado napakua notsi saa nane usiku, halafu kipindi cha saa moja asubuhi nasinzia. Bei ndiyo inayopanga nani asome saa ngapi. Nikianza kufundisha, kazi ya mtandaoni sitaitoa leo niidai kesho asubuhi.