Mkopo wa Elfu Ishirini

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Mlabani, hapa Ifakara, na kazi yetu ni usafi. Tunachukua tenda ndogo ndogo za kusafisha majengo, na sehemu kubwa ya riziki yetu inatoka mbali na nyumbani: Mang'ula, Mlimba, Lupiro, Malinyi, mara chache Mahenge. Mkandarasi akimaliza kujenga anaacha vigae vyenye madoa ya saruji, vioo vyenye matone ya rangi, na vyoo vilivyogeuzwa stoo ya mbao. Kabla ya kukabidhi jengo anatafuta watu wa kusafisha. Hapo ndipo tunapopigiwa simu.

Tulipoombwa kuandika kwa ajili ya kitabu hiki, wazo la kwanza lilikuwa kuandika juu ya sala zetu za asubuhi tukiwa kazini ugenini. Ni kweli tunasali, na tunalipenda jambo hilo. Lakini tulipokaa mezani kuandika, mmoja wetu alisema, "Tukiandika sala tu, tutakuwa tumedanganya." Kwa hiyo tutaanza na sala, kisha tutasema lile jingine.

Kuongoza watu waliolala mbali na kwao ni tofauti kabisa na kuongoza watu wanaorudi nyumbani jioni. Hapa mjini kazi ikiisha saa kumi, kila mmoja anakwenda kwake na ugomvi wake. Kule ng'ambo mnakula sufuria moja, mnapanga foleni ya bafu moja la gesti, mnasikiana mkikoroma. Kijana aliyenuna asubuhi kwa sababu ya simu ya mke wake, saa nne atamwaga ndoo ya maji machafu kwenye sakafu ambayo mwenzake ameshaipiga deki. Tumejifunza kwamba mtu wa kwanza kumuuliza habari za nyumbani ni yule aliyenyamaza. Tumejifunza kuchagua mpishi kwanza, kabla ya kuchagua msimamizi, maana wali ukiungua siku mbili mfululizo hakuna msimamizi atakayesikilizwa.

Na kuna mambo ya kazi yenyewe ambayo hayana mchezo. Asidi ya kuondoa saruji kwenye vigae haichanganywi na jiki hata tone, kwa sababu inatoka hewa inayochoma kifua. Tunalisema hilo kila asubuhi kabla ya ishara ya msalaba, na wakati mwingine baada yake tena. Kwa kawaida tunakuwa wanane mbali na sisi wawili, na wawili kati ya hao ni Waislamu. Mzee wetu wa ndoo, mkazi wa Viwanja Sitini, hufunga sala yetu kwa dua yake, na Ijumaa anaondoka saa sita bila kuomba ruhusa kwa sababu ruhusa alishapewa. Jumapili sisi tunatafuta kigango cha karibu.

Basi, mwaka juzi, mwezi wa sita, barabara zilipokauka baada ya masika, tulipata kazi ng'ambo ya mto, mbele ya Lupiro. Siku kumi na moja. Tulivuka Daraja la Magufuli asubuhi na mapema. Tangu lilipozinduliwa mwaka 2018, vijana wanalipita wakiangalia simu zao. Lakini yupo dada mmoja katika kundi letu ambaye hufumba macho mpaka gari liguse barabara upande wa pili. Alikuwa akivuka sana enzi za kivuko, na hajasahau Januari 2016 kilipozama. Tutamwita dada wa vioo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Hakuna anayekwangua rangi kwenye kioo kwa wembe kama yeye bila kuacha mkwaruzo. Ni muumini wa parokia yetu, anakaa viti vya nyuma upande wa akina mama.

Makubaliano na mkandarasi yalikuwa ya kawaida: sehemu ya fedha mwanzo, na salio siku saba baada ya kukabidhi. Makubaliano na watu wetu yalikuwa shilingi 12,000 kwa siku, chakula na malazi juu yetu. Ile sehemu ya mwanzo ikaliwa na gari, gesti, dawa za usafi, mchele, maharage na mafuta. Ujira ukabaki ndani ya salio. Kazi ilikwenda vizuri sana. Mwenye jengo alipita vyumba vyote amevaa soksi, akasema hajawahi kuona vigae vyake vikiwa na rangi ile.

Salio halikuja. Siku saba zikawa ishirini. Mkandarasi naye alikuwa anadai kwingine, na huenda huyo wa kwingine naye alikuwa anadai. Vijana wakaanza kupita nyumbani jioni, kwanza kwa utani, baadaye bila utani. Tukawaambia maneno ambayo kila anayefanya kazi hizi anayajua: "Tuvumiliane. Tukilipwa, nanyi mtalipwa."

Maneno hayo yana sura ya haki, ndiyo maana yalitukaa vizuri mdomoni. Lakini wao hawakuwahi kukubaliana nasi kwamba watalipwa tukilipwa. Walikubali 12,000 kwa siku, na siku walizifanya. Kazi iliyotuletea faida nzuri mwaka wa nyuma yake hatukuwahi kuwaita tukasema, tumepata zaidi, njooni tugawane. Faida ilikuwa yetu. Hasara ndiyo tuliyotaka iwe ya wote.

Katikati ya siku hizo parokia ilikuwa inachangisha bati za paa. Sisi tulikuwa tumelipwa kazi nyingine ndogo ya hapa hapa mjini, na fedha ilikuwa mkononi. Tukazungumza usiku mmoja, tukakubaliana kutoa shilingi 500,000. Hatukuona tatizo. Katika vichwa vyetu kila kazi ilikuwa na mfuko wake: fedha hii imetoka kwenye kazi ya mjini, deni lile ni la kazi ya ng'ambo. Tena tulisema kwamba tukimtolea Mungu, Mungu atafungua njia na mkandarasi atalipa. Tunaandika hili kwa aibu, lakini ndivyo tulivyosema.

Jumapili baada ya Misa majina yakasomwa. Hatulaumu utaratibu huo, watu wanahitaji kujua michango yao imefika. Jina letu lilisomwa karibu na mwisho, na kiasi kikatajwa, na kanisa likapiga makofi na vigelegele. Mmoja wetu aligeuka nyuma kidogo kuona nani anapiga kigelegele kile kirefu. Dada wa vioo alikuwa amesimama na wenzake anapiga makofi. Alikuwa anatudai shilingi 132,000.

Jumanne jioni alikuja nyumbani. Alipiga hodi, akaamkia, "Shikamoo Mama, shikamoo Baba," akakaa kwenye mkeka ingawa tulimpa kiti. Alizungumza habari za shamba, za mvua iliyowahi kukatika, za mtoto wake mdogo ambaye alikuwa na homa tangu Jumamosi. Kisha akasema, akiangalia chini, "Mama, naomba mnikopeshe elfu ishirini. Nitarudisha."

Tukampa, tena haraka, na tukajisikia wema. Akashukuru, akaondoka. Tuna daftari ambalo tunaandika kila kinachotoka na kinachoingia, basi tukaandika jina lake, tarehe, na neno mkopo, 20,000.

Usiku mmoja wetu alishindwa kulala, akawasha taa ya simu, akafungua daftari kutafuta kitu kingine. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na orodha ya kazi ya ng'ambo, majina manane, siku kumi na moja kila moja, jumla 1,056,000, hakuna alama ya kulipwa hata moja. Ukurasa wa kulia ulisema kwamba dada wa vioo anadaiwa na sisi. Alimwamsha mwenzake. Hatukuzungumza sana. Tulikaa kitandani na daftari katikati yetu mpaka jogoo wa jirani akaanza.

Mafundisho tulikuwa nayo. Tangu katekesi ya Kipaimara tulijua kwamba Kanisa linahesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kati ya dhambi zinazomlilia Mungu. Katekisimu inaitaja namba 1867, pamoja na mauaji ya Abeli. Tulijua kwamba Walawi sura ya 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, na kwamba Mtume Yakobo anawaambia matajiri juu ya mishahara ya wavunaji inayopiga kelele. Lakini tulipokuwa tukisikia masomo hayo tulikuwa tunawafikiria watu wengine. Tulifikiria mashamba ya mkonge ya zamani na manamba wake, wazee waliotoka mikoa ya mbali wakafanywa kuwa namba kwenye kadi. Tulifikiria kampuni kubwa. Haikutujia kwamba tajiri wa Yakobo anaweza kuwa mtu mwenye ndoo kumi na mbili, madekio sita na gari la kukodi.

Asubuhi tulikwenda kwa paroko. Mmoja wetu alikuwa na wazo la kuomba zile 500,000 zirudishwe, kwa kuwa Injili ya Mathayo inasema mtu aache sadaka yake mbele ya altare akapatane kwanza na ndugu yake. Padre alisikiliza mpaka mwisho. Akasema fedha ile imeshanunua bati na bati zimeshapigwa misumari, na kwamba hata kama ingekuwepo, si paa la kanisa lililofanya kazi ng'ambo. Akauliza, "Nyumbani mna nini?"

Nyumbani tulikuwa na mpunga. Watu wa Kilombero mnaelewa. Mpunga unavunwa, unaingia stoo, na mwenye uvumilivu anasubiri hadi mwisho wa mwaka bei ipande. Tulikuwa na magunia kumi na manne, na tulikuwa tumeshayapangia ada za shule za Januari. Wiki ile ile tuliyauza yote kwa bei ya mavuno, kwa mnunuzi aliyejua tuna haraka. Tulihesabu hasara ya haraka ile na ilituuma, na hatujifanyi kwamba haikutuuma. Mmoja wetu alilia wakati magunia yanapakiwa. Mwingine alikasirika, akasema mkandarasi ndiye angepaswa kuuza mpunga wake.

Padre alikuwa ametuambia tuwafuate mmoja mmoja majumbani, tusiwaite kikao. Ilituchukua siku tatu, Mlabani, Katindiuka, Lipangalala, Kibaoni. Wengine walipokea na kucheka, yakaisha. Mzee wa ndoo alihesabu, akaomba dua, kisha akasema alikuwa ameanza kutafuta watu wengine wa kufanya nao kazi na bado anafikiria. Kijana mmoja alituacha tusimame nje muda mrefu. Alipotoka akasema, "Kusamehe nilishasamehe. Lakini hesabu ninayo." Akatutajia kilo ngapi za unga alichukua dukani kwa mkopo, na muuza duka alimwambia maneno gani mbele za watu. Tulisikiliza yote. Hatukuwa na jibu, na nadhani hakuhitaji jibu.

Kwa dada wa vioo tulifika jioni. Mtoto alikuwa amepona, anakimbiza kuku. Tukampa 132,000 na tukamwomba msamaha, kwa ujira na kwa yale makofi. Alihesabu noti polepole. Alipomaliza akatoa elfu ishirini, akatunyooshea.

Tukakataa. Tukamwambia ule haukuwa mkopo, ilikuwa fedha yake mwenyewe, sisi ndio tulioandika vibaya.

"Mama," akasema, "mimi nilikopa. Nilisema nitarudisha." Mkono haukushuka. Tukapokea. Hatujui mpaka leo kama tulifanya sawa. Mmoja wetu anaona tulipaswa kuiacha juu ya mkeka na kuondoka. Mwingine anaona tulikuwa tumeshamnyang'anya vingi, na heshima yake hatukuwa na haki ya kuigusa.

Mkandarasi alilipa mwezi wa tisa, pungufu kidogo.

Siku hizi ujira wa siku zote unatengwa kabla gari halijawashwa. Unawekwa kwenye bahasha zenye majina, na bahasha zinashikwa na mtu ambaye kundi limemchagua, si sisi. Kama fedha hiyo hatuna, kazi hatuichukui. Kwa sababu hiyo tumekataa kazi mbili nzuri, moja Mlimba na moja Malinyi, na zote zilichukuliwa na watu tunaowajua, wanaosema bado tukilipwa nanyi mtalipwa. Wanapata kazi kuliko sisi. Mwaka jana tulitoa kanisani kidogo kuliko mwaka wowote tangu tufunge ndoa, na jina letu lilisomwa mapema kabisa, pamoja na wale wa shilingi elfu tano. Tulijikuta tunasikiliza kama kuna mtu atapiga kigelegele. Hilo nalo tunaliungama.

Mzee wa ndoo alirudi, na ndiye aliyechaguliwa kushika bahasha. Dada wa vioo alikaa miezi minne bila kufanya kazi nasi, alikuwa anasafisha gesti moja hapa mjini. Mwezi wa kumi na moja tulipata kazi ya siku tisa Lupiro, tukamwita. Alifika tukiwa tunapakia ndoo. Hakupanda gari. Alimsogelea mzee kwanza, akaomba bahasha yake, akahesabu siku tisa zote pale pale kando ya barabara, akamrudishia. Kisha akaja kwetu, akaamkia, akauliza nyembe mpya ziko wapi.