Beringi ikilia, usikimbilie kuuza gari

WIKI hii naomba tuwaache kidogo wanandoa na ugomvi wao wa meseji, tuingie chini ya uvungu wa gari. Tena si gari la kisasa lenye kompyuta. Nazungumzia mkweche, gari la zamani ambalo pengine lina umri kuliko wewe unayesoma na mimi ninayeandika.

Najua wapo wanaotaka kugeuza ukurasa. Subirini kwanza jamani! Habari hii ina ugomvi ndani yake, ina pesa, na nusura gari la ukoo mzima lipandishwe kwenye mzani wa vyuma chakavu kama sufuria lililotoboka.

Mjomba wangu anayo Volkswagen ya mwaka 1969, ile ya mgongo wa kobe, injini nyuma, buti mbele. Gari za aina hiyo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Ukimgusa mjomba kidogo tu atakukumbusha kwamba mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za East African Safari kwa Volkswagen, wakubwa wote wakala vumbi lake. Hapo usimkatize, utanyimwa chai.

Lakini kwetu sisi hilo gari halipendwi kwa sababu ya Fjastad. Limepeleka maharusi kanisani na wengine msikitini. Limewahisha wagonjwa usiku. Mimi mwenyewe nilitolewa hospitali nikiwa kichanga ndani ya khanga, kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo hilo. Sasa mtu akisema liuzwe kwa kilo, unaelewa moyo unavyokwenda.

Ugonjwa ulianza na mlio. Ukifika kama kilomita 40 kwa saa unasikia kitu kinavuma, "wuuuu", mithili ya mtu anayepuliza chupa tupu. Ukiongeza mwendo, nao unaongezeka. Baada ya wiki kadhaa uvumi ukageuka kuwa mkwaruzo, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi.

Mjomba akalipeleka gereji moja ya maana, yenye ukuta, geti na risiti. Pale ndipo lilikotengenezwa breki miezi michache nyuma. Wakalizunguka, wakalitikisa, wakaandika karatasi ndefu: boljointi zote, boksi la usukani, shokamzoba, ekseli ya mbele nzima. Jumla yake ilipita bei ya gari lenyewe! Mjomba akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani kimya.

Nyumbani nako kukawaka. Mkewe alikuwa ameshapata mnunuzi wa vyuma chakavu. "Baba, hili dude litatuua. Uza, angalau tupate bati za banda la nyuma." Tusimlaumu. Gari ambalo gurudumu lake la mbele linaweza kuchomoka barabarani si kumbukumbu tena, ni jeneza. Mjomba usiku huo hakula. Asubuhi akanipigia simu: "Mpwa wangu, wewe unazunguka sana mjini. Nitafutie fundi mwenye masikio."

Mwenye masikio nilimpata Ilala, gereji bubu chini ya mwarobaini, mzee wa makamo mwenye ovaroli isiyojulikana ilikuwa rangi gani siku inanunuliwa. Tukampa shikamoo, akaitika, akanawa mikono. Nilidhani atakimbilia spana. Wapi! Alivuta kigoda, akauliza maswali matatu tu. Mlio ulianza lini? Kabla ya hapo gari liliguswa wapi? Ukikata kona, mlio unabadilika?

Mjomba akasema ulianza baada ya kazi ya breki. Na tangu siku ile, akaongeza, hata mshale wa spidi umekufa.

Yule fundi akatabasamu. "Twende tukausikilize."

Tulitoka naye barabarani. Penye lami ulivuma, penye changarawe ukavuma vile vile. Akasema, "Mlio wa tairi hubadilika barabara ikibadilika. Huu haujali." Kisha akamwambia mjomba ayumbishe usukani taratibu, kulia, halafu kushoto. Ukienda kulia, mlio unapanda. Ukienda kushoto, unanywea. Maelezo yake ni mepesi: gari likikata kulia, uzito wake unaegemea gurudumu la kushoto. Kwa hiyo anayelia ni yule aliyebebeshwa mzigo. Kushoto mbele, basi.

Tuliporudi, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akalegeza nati za tairi, akapiga jeki na kuweka stendi chini. Hapa msomaji nakuomba usome mara mbili: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kutegemea.

Akazungusha tairi kwa mkono huku kiganja kingine kikiwa kwenye chuma kinachoshika gurudumu. Nami akanigusisha. Nilihisi kama mtu anasaga chenga za mchele. Beringi nzima huzunguka laini kimya kimya.

Halafu akashika tairi juu na chini, kama mishale ya saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa, akalisukuma na kulivuta. Likacheza, "koko, koko". Hapo ndipo ile gereji ya geti na risiti ilipohukumu boljointi. Lakini huyu mzee hakuishia hapo. Akamwambia mjomba, "Mzee mwenzangu, ingia ndani ukanyage breki, usiachie." Mjomba akakanyaga. Fundi akatikisa tena. Kimya! Tairi halikucheza hata kidogo.

Hicho kipimo hakina gharama na kinaokoa mali. Ukikanyaga breki, dramu inashikana na sehemu iliyobebwa na boljointi, vinakuwa kitu kimoja. Uchezaji ukipotea, ujue ulikuwa katikati ya hivyo viwili, na katikati kuna beringi. Uchezaji ukibaki palepale, hapo ndipo uhangaike na boljointi, au kingipini kama gari lako ni la zamani zaidi. Ile karatasi ndefu mfukoni mwa mjomba ikawa imekufa.

Sasa kwa nini beringi? Ndani ya gurudumu la mbele la gari kama lile kuna beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Si za gololi za mviringo kama za baiskeli. Ni vijiti vifupi vya chuma vilivyochongoka kidogo upande mmoja. Mtengenezaji wa mikokoteni ya farasi huko Marekani, Henry Timken, ndiye aliyesajili ubunifu wa beringi za namna hiyo mwaka 1898. Uzuri wake ni kwamba zinabeba uzito wa gari kutoka juu na pia msukumo wa pembeni unapokata kona. Ubaya wake ni mmoja: zinataka kukazwa kwa kiasi. Si kulegea, si kubana.

Kufungua gurudumu la kushoto la Volkswagen hii kuna mitego miwili. Kwanza, waya wa mshale wa spidi unapita katikati ya ekseli ya gurudumu hilo hadi kwenye kile kikofia cha nje, na unashikwa pale na kipini kidogo. Gurudumu linazunguka, kikofia kinauzungusha waya, mshale unapanda. Fundi alipochungulia, kipini hakipo! Aliyetengeneza breki alikipoteza akafunga hivyo hivyo. Ndiyo maana mshale ulikufa siku moja na mlio kuzaliwa.

Pili, nati ya kushoto ina meno ya kinyume. Unaifungua kwa kuizungusha upande ambao nati nyingine zote unazifunga. Asiyejua huvuta kwa nguvu zake zote, na kumbe anakaza. Fundi alilegeza kwanza kile kiskurubu kidogo cha alenkii kinachoibana nati, ndipo akaizungusha. Ikatoka kwa shida.

Dramu ilipotoka, hakupuliza vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Alifuta kwa kitambaa kilicholowa. Breki za magari ya zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake ni adui wa mapafu.

Akasafisha beringi kwa mafuta ya taa, akanionyesha. Vile vijiti vilikuwa na rangi ya bluu, kama chuma kilichochomwa. "Umeona, bwana mdogo? Hii haikuzeeka. Hii ilinyongwa." Nati ilikazwa kupita kiasi, beringi ikapata moto, grisi ikayeyuka na kukimbia, chuma kikasagana na chuma. Kwenye kikombe, yaani ile bangili ya chuma inayokaa ndani ya dramu, kulikuwa na vishimo kama uso wenye ndui.

Tukaenda Kariakoo, Mtaa wa Gerezani, kutafuta spea. Alitusisitizia mambo mawili. Beringi inunuliwe pamoja na kikombe chake, maana beringi mpya ndani ya kikombe chenye vishimo ni sawa na kumvalisha mtu soksi mpya kwenye kiatu chenye msumari. Na sili ya nyuma iwe mpya, kwa sababu ndiyo inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Dar hii ya masika na maji ya Jangwani, sili iliyochanika huikaribisha kutu mpaka kitandani. Tulinunua seti ya magurudumu yote mawili, na pesa haikufika hata robo ya ile karatasi.

Vikombe vya zamani alivitoa kwa kipande cha shaba na nyundo, akigonga huku kidogo na kule kidogo ili visikae upande. Vipya akaviingiza kwa utaratibu huo huo hadi mlio wa nyundo ulipobadilika kuwa mzito, dalili kwamba vimefika mwisho.

Kisha grisi. Wengi hupaka juu juu kama siagi kwenye mkate. Yeye alijaza grisi ya beringi kiganjani, akaibonyeza beringi pembeni mwa kiganja, tena na tena, hadi grisi ikatokea upande wa pili katikati ya vijiti. Akazunguka mduara mzima hivyo.

Kazi ya mwisho ndiyo yenye ufundi wote. Alikaza nati huku akizungusha dramu, ili beringi zikae sawasawa. Halafu akalegeza kidogo kidogo, kila mara akiisukuma washa iliyo nyuma ya nati kwa ncha ya bisibisi, bila kutumia nguvu. Washa ilipoanza kusogea kwa shida kidogo, akasimama hapo hapo, akabana kile kiskurubu cha alenkii. Nafasi inayotakiwa ni kati ya milimita 0.03 na 0.12. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1. Hebu fikiria: uhai wa watu wanne ndani ya gari unashikiliwa na nafasi ya karatasi!

Mkewe mjomba, ambaye alikuja kuhakikisha hatuongopewi, akacheka. "Kumbe ni kama ndoa. Ukikaza sana inaungua, ukilegeza sana inachomoka." Fundi akamjibu, "Mama, wewe ungefaa kuwa fundi." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka karibu na lile gari.

Tulifunga kikofia na kipini kipya cha waya wa spidi, tukafanya upande wa kulia pia, tukaondoka. Baada ya kilomita chache fundi alisimamisha gari, akagusa katikati ya magurudumu. Vuguvugu, basi. Kama mkono haukaliki, umekaza mno, rudi ulegeze. Na mlio? Haukuwepo. Tukabaki na ule wa injini nyuma, ambao kila mwenye Volkswagen anaujua. Na mshale wa spidi ukapanda. Mjomba aliutazama kama mtu aliyeonana na ndugu aliyepotea.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopiga simu Jumamosi, aliyepokea ni mkewe mjomba. Alimjibu kwa neno moja: "Tumeghairi." Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili hadi Chalinze na kurudi, na mjomba anadai mama alilala njia nzima. Kwa mtu aliyekuwa anaogopa gurudumu kuchomoka, usingizi huo ni cheti tosha.

Sasa wewe mwenye mkweche wako, sikudanganyi kwamba kila mlio ni beringi. Yapo magari ambayo kweli mbele kote kumekwisha. Ninachokuomba ni hiki: fundi akikuletea karatasi ndefu, mwambie apige jeki mbele yako, atikise tairi juu na chini, nawe ukanyage breki. Akikataa, chukua funguo zako uondoke. Na gari likitoka gereji na mlio ambao halikuingia nao, lirudishe siku hiyo hiyo, usisubiri likuzoee.

Ni hayo tu kwa leo. Wiki ijayo tutarudi kwa wale wa meseji, maana nako nasikia kuna mtu kakaza nati kupita kiasi.