Uvimbe wa Taya: Je, DNA Inaweza Kutuambia Kama ni Saratani?

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa utaona sijaenda mbali nazo.

Watu wengi huamini kwamba kipimo cha DNA hujibu kila swali kwa ndiyo au hapana. Baba ni huyu au siye. Saratani ipo au haipo. Kwa uvimbe wa taya, mambo si rahisi hivyo. Eksirei huonyesha shimo jeusi ndani ya mfupa, na shimo hilo laweza kuwa kifuko cha maji, yaani sisti, laweza kuwa uvimbe usio saratani, na mara chache huwa saratani yenyewe.

Tuanze na herufi. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3, zote zikiwa A, C, G au T. Katika kromosomu ya 7 kuna jeni iitwayo BRAF, ambayo hupitisha amri ya seli kugawanyika, kisha hunyamaza. Herufi moja ya T ikigeuka kuwa A mahali fulani, swichi inakwama ikiwa imewaka. Badiliko hilo huitwa V600E. Herufi moja tu! Aliyewahi kukesha akitafuta nukta iliyokosewa kwenye msimbo atanielewa.

Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba wamelikuta katika ameloblastoma, uvimbe wa taya unaotokana na tishu za kutengeneza meno. Ameloblastoma kwa kawaida si saratani, lakini huila mfupa polepole, na ukiukwangua tu mara nyingi hurudi.

Sasa sikiliza. V600E hiyo hiyo iko katika karibu nusu ya melanoma, saratani kali ya ngozi. Tena iko katika madoa meusi ya kawaida ya ngozi ambayo mtu huzeeka nayo bila shida yoyote. Fikiria programu ya kuua virusi inayotambua kirusi kwa mstari mmoja wa msimbo, kumbe mstari huo umo pia kwenye kikokotoo chako. Itafuta faili zisizo na hatia.

Hata wakubwa wamelipitia hili. Kuna sisti ya taya iitwayo keratosisti, ambayo mara nyingi huwa na hitilafu katika jeni ya PTCH1. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliihamishia kwenye kundi la uvimbe wa kweli, jeni hiyo ikiwa mojawapo ya hoja. Mwaka 2017 likairudisha kwenye kundi la sisti. Seli zilikuwa zile zile.

Je, kipimo cha jeni ni bure basi? La hasha. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu saratani iliyovimbisha mataya ya watoto. Baadaye ikajulikana kwamba kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC huwa kimehama, mara nyingi kwenda kwenye kromosomu ya 14. Kuona uhamaji huo, pamoja na darubini, husaidia kuithibitisha, na tiba yake kuu ni dawa, si kukata taya. Hata V600E ina faida: mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dabrafenib na trametinib zitumiwe pamoja kwa aina nyingi za uvimbe wenye badiliko hilo, pale upasuaji unaposhindikana na tiba nyingine ya kuridhisha haipo.

Nayaandika haya kwa sababu ya binamu yangu. Kipande cha taya lake kilipimwa kwa darubini, jibu likawa ameloblastoma. Nusu ya ukoo ilisikia "si saratani" ikataka upasuaji ufutwe. Mjomba naye akanipigia simu: "Mpwa wangu, wewe ndiwe msomi wa kompyuta. DNA si herufi tu? Tungoje zisomwe kwanza."

Nikamjibu, "Mjomba, herufi zitatuambia swichi iliyokwama ni ipi. Darubini imeshatuambia seli zinafanya nini, na zinakula mfupa." Alinyamaza, kisha akauliza tarehe ya upasuaji. Binamu alikatwa sehemu ya taya, akawekewa bamba la chuma. Atapigwa picha kwa miaka mingi, maana uvimbe huu una tabia ya kurudi.

Kwa hivyo, msomaji wangu, ukivimba taya, hata bila maumivu, nenda ukapimwe. Uliza maswali mawili: seli hizi ni za nini, na je, kipimo cha jeni kitabadilisha tiba yangu? Likijibiwa la pili kwa ndiyo, tafuta pesa ukapime. Likijibiwa kwa hapana, usiache shimo likue ukingoja herufi.