Azimio lako nalo lifungwe kwa kufuli tatu



Kila Januari watu huniambia waliyoazimia. Mkulima anasema mwaka huu hauzi mahindi yakiwa bado shambani. Mama mwenye duka kando ya barabara kuu pale Mikumi anasema hakopeshi tena bila kuandika kwenye daftari. Wote wanamaanisha. Ikifika Juni, wachache ndio bado wameshikilia. Wengine si wavivu. Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupalilia huwezi kumwita mvivu.

Shida ni kwamba azimio tumeliachia hamu. Na hamu ni kama mvua za vuli kwetu Kilosa: zinaweza kuanza vizuri, kisha zikakatika mahindi yakiwa magotini.

Angalia sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa. Lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Wanachama ni majirani wanaoaminiana, lakini wanajua kwamba siku mtoto akiugua au deni likidaiwa, hata mtu mwema anaweza kulegea. Kufuli ziliwekwa siku moyo ulipokuwa imara, kwa ajili ya siku utakapochoka. Azimio lako nalo lifunge hivyo.

Kufuli ya kwanza ni hesabu. "Nitaweka akiba ya chakula" ni maneno tu. Piga hesabu. Kama nyumba yako inakula debe moja kwa wiki, kuanzia Julai hadi mwisho wa Februari ni wiki kama 35. Hayo ni madebe 35, karibu magunia sita ya madebe sita sita. Sasa una azimio linalohesabika. Kausha mahindi vizuri, yatie kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, na kila tabaka ulifunge peke yake. Dumuzi hufa humo kwa kukosa hewa, bila dawa. Lakini mfuko unaofunguliwa kila siku kuchotwa kidogo kidogo haulindi kitu. Kwa hiyo acha mmoja wa kula, mingine usiiguse.

Kufuli ya pili ni wakati. Amua kabla mnunuzi hajafika na pesa mkononi, maana akishafika, anayeamua ni shida uliyonayo siku hiyo. Sema hivi: magunia sita yakiingia ndani, ndipo la saba litauzwa. Mwenye duka aseme: kabla sijafunga mlango jioni, naandika mauzo na madeni. Mlango unafungwa kila siku, kwa hiyo nao utamkumbusha kila siku.

Kufuli ya tatu ni mtu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Watu walimwona akitembea. Azimio lililoonwa na watu ni gumu kuliacha njiani. Wewe huhitaji nchi nzima. Mwenza wako, au jirani asiyekuonea haya, anatosha.

Mimi mwenyewe mshahara hutoka mwisho wa mwezi, na najua pesa iliyo kwenye simu inavyoyeyuka. Ndiyo maana hisa zangu nazinunua mbele ya wenzangu, siku ya kikundi. Wiki niliyochoka sinunui kwa hamu. Nanunua kwa sababu jina langu litaitwa.

Kuna mambo ambayo kufuli haziyazuii. Tembo wa hifadhini wakipita kwenye shamba lako usiku mmoja, si wewe uliyevunja azimio. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 hadi Januari 2010 yaliingia Kilosa mjini, yakaharibu nyumba na kuikata Reli ya Kati. Watu walianza tena, maana njaa haingoji mwaka mpya.

Na kama umevunja mwenyewe, fanya kama unavyofanya shambani. Mashimo matano yasipoota hung'oi shamba zima. Unarudishia mbegu kwenye hayo matano, unaendelea. Umeuza gunia moja kati ya sita? Linda matano. Daftari limelala siku tatu? Andika la leo. Wengi hawaangushwi na siku moja mbaya. Wanaangushwa na kusema, "Basi, mwaka huu umeshaharibika."

Wiki hii, kabla ya mavuno, andika mistari mitatu: magunia mangapi, lini yanaingia ndani, nani atakuuliza. Bandika karatasi hiyo mlangoni. Nikipita kijijini kwako, swali langu la kwanza baada ya salamu litakuwa hilo.

Kazi njema.