Foleni moja, lugha nne

Chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, Mwiraqw anasema Kikushi, Mdatoga Kinailoti, Mnyaturu Kibantu kama wengi wetu. Na upande wa Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu. Wakiugua, wote hupanga foleni moja. Hospitali niliyoitembelea siitaji jina, maana niliyoyaona hutokea kwingi.

Kwenye dirisha la kadi alisimama mama kijana wa Kidatoga, vikuku vya shaba mkononi, mtoto mgongoni. Jina la mtoto alilitaja. Alipoulizwa la babu yake mtoto, kimya. Karani akarudia kwa sauti kubwa, kana kwamba anasema na kiziwi. Mfagizi mmoja wa makamo akaacha kupiga deki.

"Mwanangu, huyo ni mke wa mtu. Jina la baba mkwe halitamki hata umtoe roho."

"Sasa mama, mimi niandike nini?"

Na kweli, fomu haijui mila. Mwanamke wa Kidatoga akishaolewa huyakwepa majina ya wakwe zake, hata maneno yanayokaribiana nayo kwa sauti, na ana msamiati mwingine wa kuyazungukia. Mfagizi akamwita mvulana aliyefuatana na yule mama, naye mvulana akalitaja jina, foleni ikasogea.

Wodini hakukuwa na njia nyepesi hivyo. Mzee mmoja alikuwa na saratani ya umio iliyokwisha kusambaa. Daktari, kijana kutoka Kagera, alieleza taratibu: upasuaji hautafaa, chakula kitazidi kuwa kigumu kumeza, maumivu yatatulizwa kwa dawa. Mtoto wa mzee akayageuza yote hayo kwa maneno machache mno. Mzee akatabasamu.

"Umemwambiaje?"

"Atapona. Wewe, daktari, ungemwambia baba yako hayo uliyoniambia?"

Daktari aliinamia faili. Nami yule mtoto wa mzee simlaumu. Tumempa mtoto kazi ya kumtangazia baba yake kifo, hatukumuuliza kama anaiweza, halafu tunashangaa kwamba ametafsiri vibaya.

Aliyebaki na mzigo ni muuguzi wa zamu. "Siku chache tu mzee ataniuliza mbona haponi," aliniambia tulipotoka wodini. "Ataniuliza mimi, daktari atakuwa wodi nyingine." Akifika nyumbani, alisema, hukaa kwanza barazani mpaka watoto wamalize kula, kwa kuwa hataki wamuone uso. Kwenye kikao cha asubuhi husomwa idadi ya waliolazwa, waliotoka na waliofariki. Hali ya wauguzi haimo kwenye ripoti.

Mfagizi yule anazungumza Kidatoga, Kiiraqw, Kinyaturu na Kiswahili. Huitwa kila wodi, na mshahara wake ni wa kufagia. Waganga wakuu wa wilaya za namna hii, waajirini watu kama yeye kwa kazi ya ukalimani; wafundisheni kutunza siri za wagonjwa, na muwalipe.