Karatasi ya Maswali Inakwenda Wapi?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami niliushika usemi huo kwa miaka mingi ya ualimu wangu pasipo kujiuliza jambo moja: yule anayeulizwa hulisikiaje swali? Jibu nililipata nchini Malawi, na ningependa kuwasimulia walimu wenzangu.

Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yako katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Dakta Banda palikuwa gereza. Tangu 1994 pamekuwa makazi. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, lakini sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kiungo chao sokoni na kisimani. Huko nilikuwa na darasa la Jumamosi. Lilongwe nilikuwa na jingine la jioni, la wafanyabiashara, wengi wao Wamalawi wanaofuata bidhaa Dar es Salaam.

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu mwema huanza kwa kumjua mwanafunzi wake. Basi mwaka 2023 nilitunga hojaji ya maswali kumi na mawili, nikaigawa katika madarasa yote mawili. Jina lako nani? Umetoka wapi? Unaishi wapi? Unapenda habari gani? Unajifunza vizuri zaidi kwa kusikia, kwa kuona, au kwa kutenda?

Wafanyabiashara walijibu upesi: walitaka hesabu, bei na maneno ya forodhani Kasumulu. Mama mmoja tu, muuza vitenge, aliacha wazi mahali pa "Unaishi wapi?", na hakurudi tena darasani. Mwaka huo huo serikali ilikuwa imewaamuru wakimbizi waishio mijini warejee Dzaleka. Sikuwa nimelifikiria hilo nilipoandika swali langu.

Dzaleka karatasi zilirudi zimejaa, lakini zote zilisema neno moja: "Napenda masomo yote." Kijana mmoja aliniuliza kama majina yatapelekwa Kanada. Kisha mzee mmoja kutoka Kivu akasimama, akasema kwa upole, "Mwalimu, hii karatasi inaenda wapi?"

Nilikosa la kusema. Kwa watu wale, karatasi ya maswali si kazi ya darasani. Ndiyo ihesabuyo vichwa, ipimayo posho, na ifunguayo au ifungayo mlango wa kuhamia nchi nyingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; nami niliwagawia ung'ongo mkononi.

Jumamosi iliyofuata nilimrudishia kila mtu karatasi yake. Nikaanza kwa kuyajibu mwenyewe maswali yote mbele yao, hata lile la nilikotoka. Kisha nikawaomba watunge maswali yao, waulizane wawili wawili, bila kuandika jina. Hapo ndipo nilipowajua. Vijana walitaka kutunga nyimbo za Tamasha la Tumaini, linalofanyika hapo Dzaleka tangu 2014. Yule mzee alitaka kumwandikia binti yake barua kwa mkono wake mwenyewe, wala asichekwe kwa kusema "batoto". Lilongwe nako nilifanya vivyo hivyo, na wanafunzi wakaanza kupanga wenyewe maneno ya Kichewa kando ya yetu: mvula na mvua, njala na njaa, nkhuku na kuku.

Limebaki lile swali la kusikia na kuona. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za jambo hili, wakaona kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa mwanafunzi hufaidika zaidi akifundishwa kwa mtindo anaodaiwa kuwa wake. Darasa langu lilinionyesha upande mwingine wa jambo hilo hilo. Wengi waliochagua "kusikia" hawakupata kukaa na kitabu, kwa kuwa vita viliwatoa shuleni wangali wadogo. Hayo si maumbile ya akili, bali ni historia ya maisha. Lau ningaliwafundisha kwa masikio tu, ningaliwaacha pale pale vita vilipowaacha.

Sisemi tuzitupe hojaji. Nasema mwalimu, kabla ya kugawa karatasi, aeleze inakokwenda na nani ataisoma. Asiulize asichokihitaji kwa kufundishia. Naye akubali kwamba kunyamaza pia ni jibu.

Mzee wangu aliimaliza barua yake. Alipofika kwenye "batoto" aliniuliza kama ni kosa. Nikamwambia kwamba vitabuni tunaandika "watoto", na kwao wanasema "batoto", na binti yake atayaelewa yote mawili. Akafikiri kidogo, akaandika "batoto". Sikumsahihisha.